Kinyozi Aliyeambiwa Amerudi

Kwa miaka kumi na tisa alinyoa watu katikati ya jiji, kwenye chumba kilichobanwa kati ya duka la simu na ngazi za ghorofa. Yeye mwenyewe hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, ndiyo maana wateja walimwita Yai. Mke wake, mkunga, alipohamishiwa zahanati ya mji mdogo kule milimani, safari ya siku mbili, wenzake walimcheka.

"Yai, huko kwenye baridi hawanyoi. Nywele ndiyo kofia yao!"

Alicheka nao, akafunga mashine zake ndani ya blanketi, akamfuata mkewe.

Walifika mchana, ila kwa ukungu ule usingejua kama jua lilikuwa limechomoza siku hiyo. Palikuwa na kibanda cha kinyozi kando ya posta, kimefungwa siku nyingi. Mwenye kibanda alimkabidhi ufunguo bila kumuuliza lolote. Ndani, kiti kilikuwa kimefunikwa shuka. Mikasi mitatu ilikuwa imelazwa juu ya taulo, imepangwa kwa urefu. Kalenda ukutani ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi bomba, mtu mnene mwenye viganja vilivyopasuka kwa baridi. Aliketi, akafumba macho.

"Ninyoe kama siku zote, kinyozi."

"Siku zote zipi, ndugu yangu? Mimi nimefika jana."

Fundi bomba alitabasamu bila kufumbua macho. "Haya. Umefika jana."

Kinyozi akanyoa kwa kubahatisha. Mtu yule akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akamshika bega. "Afadhali umerudi."

Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akamwambia amekonda. Karani wa posta alimuuliza kama goti limepona, na kinyozi, ambaye hajawahi kuumwa goti maishani, akajikuta anajibu kwamba halijambo. Jioni alimsimulia mkewe, wakacheka mpaka machozi. Lakini mwisho wa wiki mkunga alirudi kutoka kazini, akaketi na koti lake mwilini.

"Leo mama mmoja kanishika mkono," alisema. "Kaniambia nikuvumilie, mtu akipotea muda mrefu hivyo hurudi mgeni."

Hawakucheka tena.

Kisha akaja bibi mmoja mchana kweupe, amebeba sweta la kijivu. Alimvalisha kinyozi, akamkunjia kola, akakaa kwenye benchi akimtazama anavyofanya kazi. Sweta lilimfika magotini. Wateja waliokuwa wanasubiri wote waliinamisha macho.

Siku ya pili kinyozi alimfuata bibi nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, kuna upepo."

Juu ya kabati palikuwa na picha ya mwanaume amesimama mlangoni mwa kibanda kilekile, mkasi mkononi. Alikuwa mrefu mno, mwembamba, kichwa kimejaa nywele hadi masikioni. Kinyozi alikuwa mfupi, mwenye kitambi. Aliishika picha ile, akaitazama kwa karibu. Angefanana naye kidogo, hata kwa pua tu, angeelewa.

"Huyu ni nani, mama?"

Bibi hakusitasita. "Mwanangu. Wewe si yeye. Nimezaa mmoja, nitamsahau vipi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka wakuone ndani ya sweta lake. Waulize wao wanaokuita yeye."

Alirudi moja kwa moja, akamkuta fundi bomba amekaa kwenye kiti anasubiri. Akafunga mlango, akageuza kiti kuelekea ukutani, mbali na kioo.

"Nimeiona picha," alisema. "Sinyoi mtu leo mpaka nielezwe."

Fundi bomba akaanza kuongea akiutazama ukuta. Miaka mitatu nyuma kinyozi wa mji alipanda mlimani kutafuta mbuzi wa mama yake, ukungu ukashuka. Wanaume sita walitoka kumtafuta.

"Tulimsikia," alisema. "Alikuwa anaita. Baridi ilikuwa inakata, huoni hata mguu wako mwenyewe. Mmoja akasema ni upepo. Sote tukasema ni upepo. Tukarudi. Mama yake tukamwambia ameshuka jijini, atarudi. Tukasema hivyo kila siku, mpaka tukaanza kuamini wenyewe." Alijifuta uso. "Halafu ukaja wewe, kutoka jijini. Kinyozi."

"Nyie sita mnaishi hapahapa?"

"Wote umeshatunyoa."

Asubuhi ya kwanza yenye anga safi kinyozi aliwapitia wale sita nyumba kwa nyumba, wapande mlimani kumtafuta. Hakuna aliyebisha. Walimkuta mwenzao kwenye korongo nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo kengele ya shule inasikika vizuri kabisa. Mifupa, buti, koti lililoliwa na mvua. Fundi bomba alikuwa akipita juu ya korongo lile kila wiki kwenda kukagua tangi, tena, alikiri mwenyewe, alikuwa anapita mbio.

Walimzika. Bibi hakumlaumu mtu, na hilo liliwatesa kuliko matusi. Mkunga aliandika barua ya kuomba uhamisho, akaiweka mezani siku kadhaa, mwishowe akasema kuna wajawazito wanne wanaomtegemea, akaichoma jikoni.

Mwezi mmoja baadaye ukungu ulishuka saa nne asubuhi, mzito, ukafuta posta yote. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya ndevu za karani. Kutoka upande wa tangi, mtu akaita. Mara moja, kisha tena.

Mashine ikazimwa. Hakuna aliyetaja upepo. Karani akasimama na povu shavuni, akavaa koti. Nje, milango ilikuwa ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Wakatoka wale sita, na kinyozi wa saba, wameshikana mikono, wakiitikia kwa sauti: "Tunakuja! Kaa hapohapo!"

Hawakukuta mtu. Tangu siku ile wameitwa mara nyingi, na kila mara wanaenda.