Plamu za Kijani za Eikichi

Vidole vya Mitsue vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha, kama vya kila mtia rangi wa shaba pale mjini Takaoka. Kazi yake ilikuwa kuvipaka vyetezo figili iliyokunwa, kisha kuvitumbukiza kwenye sufuria ya kutu ya shaba na mrututu, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ikitokota. Viliingia vyekundu, vikatoka vya hudhurungi. Rangi ikigoma, alidondoshea maji ya plamu, maana uchachu wake huivuta kutu itoke ilikojificha. Alifundishwa na mama mkwe wake, Tose, na aliijua kazi hiyo barabara.

Vita vilipokwisha, mumewe Eikichi akarudi. Karudi nini! Mifupa na macho tu, hata uji haukai tumboni. Serikali nayo ikagawa sukari badala ya mchele. Jamani, mtu utakula sukari na nini? Lakini Eikichi alipoiona, akacheka.

"Mke wangu, plamu si zimezaa? Nipikie zile za kijani, kama za mama. Kule nilikuwa naziota."

"Uji wenyewe unakushinda, utaziweza plamu?"

"Uji ni wa wagonjwa. Mimi ni mume wa mtu, ati!"

Sasa, plamu hizo ukizipika kwenye chuma zinageuka rangi ya matope. Zikitakiwa zibaki kijani kama zilivyo mtini, lazima sufuria ya shaba, ndivyo zinavyopikwa tangu zamani. Na ya nyumbani ilichukuliwa wakati wa vita ikayeyushwe iwe risasi. Iliyobaki ni moja, ile ya kazini.

Mitsue akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, mpaka ngozi ikachubuka na sufuria ikang'aa. Lakini chini ya misumari inayoshika mpini mchanga haukufika, kutu ikabaki. Mama wee! Mwanamke aliyeujua uchachu wa plamu kuliko mtu yeyote mtaani, siku hiyo alikuwa akimwona mumewe tu, anakula.

Zikaiva, kijani cha kupendeza kupita kiasi. Eikichi akamaliza bakuli zima.

"Zina ukakasi kidogo," akasema, "lakini sijala kitu kitamu hivi tangu niondoke."

Mitsue hakuonja hata moja. Alimwachia zote.

Jioni Eikichi akaanza kutapika. Tose akamshika mwanawe kichwa, na Mitsue akakimbilia jikoni, akachovya kisu kwenye sharubati iliyobaki sufuriani. Chuma kikiingia kwenye maji yenye mrututu huvaa shaba, hata mtoto wa Takaoka anajua. Akasubiri, akakitoa. Kilikuwa chekundu.

Kulipokucha Eikichi hakuwapo tena. Daktari akasema ni tumbo la vita, wengi waliorudi wamekwenda hivyo. Lakini Mitsue hakuweza kunyamaza. Mbele ya jeneza akamgeukia Tose amwambie, liwalo na liwe. Bibi akamuwahi, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Wenzake wamekufa na njaa huko, hata makaburi hawana. Wa kwangu kafa ameshiba, kwa mkono wako."

Mitsue akayameza maneno yake.

Mwaka uliofuata plamu zikazaa. Tose akaja na kikapu, kimejaa pomoni.

"Mpikie tena zile za kijani, tumwekee mbele ya picha yake. Kisha tutakula sote wawili, eti?"

Mitsue akakipokea kikapu, akaenda kusugua sufuria ileile.