Kwa Nini Cleophas Hakuogelea

Tarehe 4 Septemba 1966 Cleophas Nyamongo, mwana wa wakulima wa Kiogoro karibu na mji wa Kisii, aliwasili Uswidi kusomea kazi ya maziwa. Kufikia Julai iliyofuata alikuwa ameimudu lugha ya huko, na Jumapili moja marafiki walimchukua kwenda kula chakula cha mchana kando ya ziwa.

Walikuwa Lars, aliyesoma naye, Karin wa maabara ya kupimia maziwa, na Gunnar, babake Karin, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mbali. Walitandika blanketi, wakatoa mkate, viazi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Cleophas hakula sana. Tangu Mei alikuwa ameazimia kumwoa Karin, na hakuwa amemwambia mtu, hata Karin mwenyewe. Kwao neno kama hilo huanzwa na wazee, na wazee wake walikuwa Kiogoro.

Gunnar akasimama, akavua shati, akashika mkanda wa suruali, maana huko watu huogelea uchi.

Kwao Kisii, Mgusii hautazami mwili wa babake, sembuse wa baba mkwe. Kiogoro, kijana akikaribia mto hukohoa kwanza, asije akawakuta wazee wakioga. Heshima hiyo huitwa chinsoni, na anayeivunja hapewi binti. Cleophas aligeuka akaitazama misonobari.

"Njoo, kijana wangu, maji mazuri," Gunnar aliita kutoka majini.

Cleophas aliendelea kuitazama miti. Lars akamhakikishia kwamba ziwa hilo halina mamba, Karin akacheka. Gunnar hakucheka. Aliuliza kama maji yakishaingiwa na yeye huwa machafu kwa mgeni.

Cleophas alipima la kufanya. Akinyamaza, amemtukana mzee. Akieleza, amejichumbia mwenyewe, bila wazee, bila ng'ombe, Lars akisikiliza huku anatafuna.

"Mzee," alisema, uso bado kwenye miti, "kwetu mtu hamwoni baba mkwe wake bila nguo."

Lars aliacha kutafuna. Nyuma yao maji yalisikika yakichuruzika mwilini mwa mtu anayetoka ziwani. Gunnar alivaa suruali, akavaa shati, akafunga vifungo hadi cha shingoni, ndipo akamwambia Cleophas anaweza kugeuka. Kisha akamtazama binti yake.

"Mimi sijaulizwa," Karin alisema.

Cleophas alimwomba watembee kidogo. Karin alivaa viatu, wakaondoka wawili kufuata ufuo.