Chumvi ya Kashikishi

Miaka minne nilifundisha sayansi darasa la nane katika shule ya makazi yetu ya wakimbizi, upande wa Nchelenge, Zambia. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini jambo likiwa gumu nalieleza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, polepole, mpaka mtoto wa mwisho aelewe. Darasa lile nililihesabu kuwa langu.

Kisha akaja mwalimu mpya, mwanamke aliyekulia Mansa, mtoto wa Wakongo kama sisi. Alikuwa na mzani wa betri na vyombo vya kioo. Siku moja alipima mpira uliolegea, akaujaza upepo kwa pampu, akaupima tena, nao ukazidi uzito. Hata hewa ni maada: ina uzito, inachukua nafasi. Mimi nilieleza hayohayo kila mwaka na sikuwahi kupigiwa makofi. Makofi yake niliyasikia kupitia ukuta, nikashindwa kumaliza chai yangu.

Direkta, mkuu wa shule yetu, akatuambia kila mmoja afundishe somo moja mbele yake, halafu ataamua nani abaki na darasa la nane.

Nikachagua michanganyiko. Nilichanganya mchanga wa ziwani na chumvi kutoka jikoni kwangu, nikatia maji, nikakoroga, nikachuja kwa kitambaa. Mchanga ukabaki juu. Maji nikayaweka kwenye mbabula yenye makaa mekundu.

"Maji yataenda hewani," nikawaambia, "na chini itabaki chumvi tupu, safi, nyeupe."

Ilibaki chumvi ya rangi ya udongo. Harufu ikafika dawati la nyuma.

"Mwalimu, iyi chumvi inanuka kisense!" msichana mmoja akapiga kelele. "Njo ile ba mama ba Kashikishi banatosha mu beseni ya samaki!"

Kweli. Nyumbani tunanunua hiyo kila wiki kwa wanawake wa soko la Kashikishi, chumvi wanayoitoa kwenye beseni ikiwa imekwisha kulala na kisense, dagaa wa ziwa letu. Pua yangu imeizoea kiasi kwamba siisikii tena. Darasa zima lilicheka, na direkta naye akaficha mdomo.

Mwalimu mpya, aliyekuwa ameketi karibu na direkta, akasimama. "Kwanza mujibu. Iyi kitu ni safi ao ni mchanganyiko?"

"Mchanganyiko!"

"Mulijua namna gani?"

"Harufu! Na rangi!"

"Basi mwalimu wenu amewafundisha kutambua kitu kwa sifa zake. Mumushukuru."

Wakanipigia makofi, makofi yangu ya kwanza, na yalitoka mkononi mwake. Afadhali angenicheka.

Baada ya kuona somo lake pia, direkta alimpa yeye darasa la nane. Mimi nikapewa la sita.

Juma lililofuata mwenzangu huyo alinifuata ofisini. "Baba mwalimu, uniazime ile chumvi yako. Kwa somo la michanganyiko hakuna inayoishinda."

Nilikubali kwa tabasamu. Kesho yake nikamletea chumvi ya pakiti kutoka dukani, nyeupe kama unga. Aliinusa, akanitazama kidogo, akasema asante.

Ile ya Kashikishi iko kwenye kopo, chini ya meza yangu. Jumatatu nitawaomba watoto wa darasa la sita wafumbe macho, nipitishe kopo puani mwao mmoja mmoja, na nitawapa nafasi ya kufikiri. Sina haraka. Ila mlango wa upande wa darasa la nane nitauacha wazi, makofi yakija mwenzangu ayasikie.