Wanaomtaja Mkemia wa Mandawa

Mkemia niliyesoma naye sekondari Nachingwea amefariki. Wengi wenu hamkumjua, na mimi mwenyewe habari ilinifikia kwa ujumbe mfupi wa dada yake: "Kaka, ndugu yako ametutoka. Tunazika leo alasiri, Mandawa." Nilikuwa Dar es Salaam, sikuwahi maziko. Nilikwenda kwenye arobaini, na tangu nirudi sijatulia. Kuna mlio wa simu nimetoka nao kule. Nikiusikia popote, hata kwenye foleni ya benki, mwili unanisisimka.

Rafiki yangu alikuwa mtafiti wa malighafi, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye kitu kimoja: yale mafuta meusi yaliyomo ndani ya ganda la korosho. Mtu wa Ruangwa, wilaya ya kwao, hahitaji kuelezwa. Mafuta hayo yanababua ngozi. Mama yake, aliyebangua korosho tangu usichana, hupaka majivu mikononi kabla ya kushika jiwe, na bado ncha za vidole vyake ni nyeusi mpaka leo. Mwanawe aliwaza kwamba kitu kinachong'ang'ania vidole vya mama namna ile hakiwezi kushindwa kung'ang'ania mbao na chuma. Akatengeneza gundi, akatengeneza rangi ya kuzuia kutu, akaandika makala. Zikasomwa mbali, na watafiti wa nchi ambazo hazina hata mkorosho mmoja wakawa wanazirejelea katika kazi zao.

Kurejelewa, kwa wenzetu wa vyuo vikuu, ndiyo mizani. Mtu hupandishwa cheo, hualikwa, huheshimiwa kwa kuangalia wangapi wamemtaja. Rafiki yangu ugonjwa huo ulimpata vibaya. Aliitegesha simu yake ilie kila anaporejelewa. Masika moja tulikwenda naye kwao, gari likazama kwenye tope karibu kabisa na kufika. Sisi tunakata matawi ya kuweka chini ya matairi, bwana mkubwa yuko juu ya kichuguu, mkono hewani, anatafuta mtandao. Tulimtania safari nzima. Tulipofika nyumbani simu ikalia, mama yake akauliza nani anapiga. "Hapigi mtu, mama," alijibu, na uso wake ulijaa furaha ya kitoto. "Huko ng'ambo wananitaja." Mama akatikisa kichwa kuitikia, akaendelea kupepeta. Hakuna aliyejua jibu lile limekwenda kukaa wapi moyoni mwake.

Katika ukoo wao, jina la marehemu halitajwi mpaka arobaini. Siku hiyo hurithishwa mtoto wa dada yake, na maisha yanaendelea. Dada mtu alikuwa amejifungua mvulana siku chache baada ya maziko, na kila mtu pale nyumbani alimwita mgeni tu, hata kadi yake ya kliniki ilikuwa na jina la mama peke yake. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa, wazee wakakaa tayari kumrithisha mtoto. Mama akakataa. Simu ya mwanawe ilikuwa ndani ya kikapu kilichotundikwa ukutani. Mama aliamuru isizimwe, kwa hiyo binti yake aliichaji kwa sola na kuiwekea bando. Ilikuwa ikilia. Kila ilipolia, mazungumzo yalikatika na watu wakatazama ukutani.

"Mnasikia?" mama akasema. "Wanamtaja. Mtu bado anaitwa, nyie mnataka kumvua jina. Sasa ataitika kwa jina gani?"

Dada mtu akanivuta pembeni, mtoto begani. "Kaka, mwanangu atakaa hivi mpaka lini? Wewe umesoma naye. Mwambie mama." Basi nikaitoa simu kikapuni, nikakaa mkekani karibu na mama, nikiwa nimejiandaa kumweleza kwamba wale watu hata hawajui kama mwanawe amekufa, na kwamba wataendelea kumtaja miaka mingi. Sijafungua mdomo, simu ikalia mkononi mwangu.

"Soma," akasema. "Wanasemaje?"

Nikamsomea kama ilivyoandikwa kwenye kioo. Kuna makala mpya ya gundi imemrejelea: jina la baba yake, halafu herufi moja. Ndivyo wanasayansi wanavyoandikana. Jina la mwisho linatangulia zima zima, lako mwenyewe linakatwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Huyo mume wangu," akasema.

Mume wake alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Alikufa mtoto hajaanza shule, na maandishi yake yalikuwa dole gumba. Nikaanza kueleza, mama akaninyamazisha kwa mkono. "Siku zote hizi wanamwita mzee. Mwanangu hawamwiti."

"Yumo, mama. Hiyo herufi ndiyo yeye."

"Niandikie niione."

Pembeni kulikuwa na sahani ya majivu ya kubangulia. Nikaichora herufi kwa kidole. Mama akainama kuitazama. "Ndogo hii," akasema. Machozi yakanitoka mbele ya wazee, wala sikuona haya.

Siandiki haya kuwabeza wasomi wetu. Rafiki yangu alifanya kazi ya maana, na ninaamini itatajwa sisi sote tukiwa tumeshaondoka. Lakini gundi yake haikufika Mandawa. Maganda bado yanachomwa nyuma ya nyumba, na majivu bado ndiyo kinga ya mikono. Tuna mizani ya kupima mtu ametajwa mara ngapi. Hatuna ya kupima kama wanaomtaja wanamjua, na vijana wengi ninaowaona vyuoni wanaizeekea mizani hiyo hiyo. Ninawaonea huruma, hasa nikimkumbuka yule mtu juu ya kichuguu.

Mama aliifuta herufi kwa kiganja, akasema mtoto aletwe. Alimwinamia sikioni, akamwita jina zima la mwanawe, lile alilompa mwenyewe, kwa sauti tuliyoisikia sote. Dada mtu akalia. Simu ikalia tena, safari hii hakuna aliyegeuka. Nikauliza kama niizime.

"Iache," mama akasema. "Mwache mzee aitwe. Alipokuwa hai nani alimwita?"

Nimeondoka na funzo hilo moja, ndugu wasomaji, na linanisumbua kila mlio ule unapolia karibu nami. Mkitaka kumkumbuka mtu, msiishie kwa wanaomtaja. Nendeni mkamuulize mama yake alimwita nani.