Chungu Kilichobaki Mdomo

Alhamisi mke wangu alirudi kutoka darasa la ufinyanzi la akina mama hapa Kasongo, akanawa mikono, akasema chungu chake kimebaki mdomo tu. Jumapili tulimzika.

Baada ya majuma mawili nilienda kukichukua. Nilikikuta chini ya jani bichi la mgomba. Mwalimu wao, mama mzee kutoka Lusangi, alikuwa akikinyunyizia maji kila siku kisikauke.

“Kikikauka hakitapokea mdomo tena,” alisema. “Na mimi siwezi kumaliza kazi ya mwenzangu. Malizia wewe, baba.”

“Mama, hii ni kazi ya wanawake.”

Wanafunzi wake walitazamana. Mmoja akafunika kinywa kwa mkono wenye udongo. “Na kusuka nywele iko kazi ya nani? Bibi yako alituambia yote!”

Wakacheka mpaka nami nikacheka. Miaka yote nilidhani siri ile ni ya watu wawili. Kumbe darasa zima lilijua nani alimsuka mke wangu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwangu katika ofisi ya wazungu, niliketi kwenye mkeka wao, nikaviringisha udongo, nikauzungusha juu ya chungu. Mdomo ulitoka umepinda kidogo. Sikukifunika tena, nilikiacha kikauke.