Ngoma Iliyotoka Chumbani

Nyumba ya Bi Zeinab huko Shard End ina dirisha moja kubwa la mbele, na kila binti wa Kizanzibari wa Birmingham alipokaribia kuolewa, dirisha hilo lilizibwa kwa duvet mbili, yale mablanketi manene ya kujifunikia. Jirani Mwingereza aliwahi kuuliza kama ndani kuna msiba. Akaambiwa hapana, kuna mwari anafundwa. Hakuelewa, na hakuhitaji kuelewa, maana duvet zile zilitundikwa kwa ajili yake yeye na wanaume wote wa dunia, wao na wetu, wasiisikie ngoma.

Bi Zeinab alikuwa kungwi. Kazi yake ilikuwa kumfunda bi harusi mambo ya ndoa, kwa nyimbo na kwa ngoma, mlango umefungwa na wanawake peke yao. Msondo wake, ile ngoma ndefu ya kukaliwa, aliuacha Unguja. Birmingham alipiga pipa la plastiki la buluu lililowahi kujaa achari, na msidharau, pipa lile likiwa chini ya mikono yake lilisema. Mkono wa kushoto alivaa bangili za fedha ambazo hazijatoka tangu ujana wake. Kila mkono ule ulipoanguka, bangili nazo ziliitikia, na kicheko cha chumba kizima kikapata pa kukaa.

Shemsa alikuwa mtoto wa kaka yake. Aliletwa Birmingham akiwa kigori, akalelewa katika nyumba ile ile, akaolewa na mtu wa Leicester, akaachika, akarudi chumba kile kile cha juu chenye karatasi za ukutani zilezile za maua. Asubuhi alipanda basi kwenda kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Jioni alirudi kumkanda shangazi yake magoti, kwani magoti ya Bi Zeinab yalikuwa yamekwisha. Na kwa kuwa magoti yamekwisha, ilishaamuliwa kwamba Shemsa ndiye atakayerithi pipa. Hakuulizwa. Mambo kama hayo mtu haulizwi, anaambiwa tu ajisogeze karibu atazame mikono.

Basi alitazama. Lakini mikono ya Bi Zeinab ilikuwa na mbio, na Shemsa alikuwa mzito wa kushika, hivyo siku moja akaficha kidude cha kurekodia ndani ya mtandio, ili akajifunzie chumbani kwake kwa raha zake. Hilo peke yake lilikuwa kosa, na alilijua. Bi Zeinab aliruhusu macho na masikio, mashine hakuziruhusu kamwe. Hata simu za wageni zilikusanywa kwenye beseni la plastiki kabla ngoma haijaanza.

Huko juu Shemsa alikuwa na kompyuta kuukuu, na ndani yake programu ya kutengeneza muziki. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine huangalia tamthilia, yeye alikata sauti vipande vipande na kuziunga upya. Siku ya kujifunza akajikuta hajifunzi, anakata. Mdundo mmoja wa pipa akaurudia, akauzamisha, akauzungusha, akautia besi nzito chini yake. Mlio wa bangili akauacha peke yake, juu kabisa, unakuja pale ambapo msikilizaji ameshakata tamaa kwamba utakuja. Nyimbo zote akazifuta. Hakuacha neno hata moja, wala pumzi ya mwanamke. Akajiambia kwamba siri ya unyago imo kwenye maneno, yale mafumbo ya kitandani, na ngoma ni ngoma tu, haina mdomo. Akalala kwa amani.

Angeishia hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini kiwandani alikuwa na shoga yake, Kiran, Mhindi wa Kisumu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mweupe. Shemsa alimpa sidii wasikilize pamoja mbele ya mashine za kukaushia. Kiran akaipenda mpaka akamtumia kwa intaneti binamu yake Kishore, aliyekuwa na duka la michezo ya kompyuta mjini Pune, India, mahali ambapo vijana hukaa kwa safu kutwa nzima wakipigana risasi kwenye skrini. Kishore akaiweka siku ya mashindano. Vijana wale wakakataa kucheza bila hiyo. Wakainakili kwenye sidii, kwenye simu, wakaisambaza kwenye maduka ya Mumbai na Bangalore na kwa wachezaji wenzao wa mtandaoni hata Ulaya, na mmoja wao akaenda nayo Goa, kwenye yale madisko ya ufukweni ambayo watu hucheza mpaka jua linachomoza. Kote huko ilipita bila jina.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, Kiran alimwonyesha video kwenye simu, picha imejaa chengachenga. Ufukwe umejaa watu, taa zinawaka na kuzima. Mdundo wa pipa la Shard End ulizunguka juu ya vichwa vyao, na mlio wa bangili ulipoingia, umati mzima ukainua mikono juu.

Shemsa alishika meza. Furaha ilimpanda mpaka ikamuumiza kifua. Hajawahi kufanya kitu kikaonekana na mtu, na sasa maelfu walikuwa wakiisubiri bangili.

"Sasa sikia," Kiran alimwambia. "Kuna company ya Mumbai inataka kuitoa kwa CD. Kishore amewaambia anajua mwenye ngoma. Wanataka ukuje Goa December, uipige mwenyewe. Ticket wanalipa wao. Ni jina tu wanataka, na picha."

"Sitaki jina."

"Aki Shemsa, usiwe hivyo! Kuna kijana wa Bangalore anasema ni yake. Usipoongea, Monday wanaandika jina lake. Nitakupigia Saturday, okay? Unipe jibu."

Haya, mwamuzi nani hapo? Pasipoti anayo, tiketi ipo, na ngoma ni yake. Mlango u wazi kabisa, na yeye hawezi kutoka. Wazanzibari wa Birmingham wote wanajuana. Jina lake likitoka Mumbai leo, kesho lingekuwa kwenye sinia la biriani la mtu, na Bi Zeinab angejua kwamba mikono yake imechezesha wanaume. Akinyamaza, kijana wa Bangalore angevaa vazi alilolishona yeye. Usiku aliota mashuka. Mchana aliyafua. Kwenye basi alikaa na kuhisi nyumba, kiwanda na pipa vimemkalia kifuani kwa zamu. Wakati mwingine alimchukia shangazi yake, kisha akirudi akamkuta amemwekea chai na mkate wa mofa chini ya kitambaa, akaona haya.

Hatimaye akakata shauri. Jumamosi kulikuwa na unyago wa Iman, mjukuu wa jamaa zao, na siku hiyo Shemsa angekalia pipa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Angempigia Iman ngoma, angempa shangazi yake furaha hiyo moja, kisha wageni wakiondoka angemwambia kila kitu na kumpa Kiran jina. Kufukuzwa kama ni kufukuzwa, na iwe.

Jumamosi mchana duvet zilipanda. Simu zikaingia kwenye beseni. Iman, mzaliwa wa hapa hapa, aliketi mkekani katika kanga, anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza zaidi. Bi Zeinab alikaa kwenye kiti, fimbo pajani, akampa Shemsa ishara kwa kidevu.

Shemsa akalikalia pipa. Mikono ikaanguka mahali pake, na kwa mara ya kwanza ilishika. Wanawake wakapiga vigelegele. Kungwi amepatikana!

Ndipo Iman akacheka.

"Oh my God, that's off my brother's game!" Akageuka kwa shangazi zake, uso umefurahi kweli kwa kuitambua ngoma ya mchezo wa kompyuta wa kaka yake. "Everyone's got it. Auntie Shemsa anacopy ile tune ya Wahindi!"

Wanawake wakatazamana, wasielewe. Mikono ya Shemsa ikabaki hewani.

"Tune gani?" Bi Zeinab aliuliza.

Na Iman, mtoto asiye na hila, akaenda kwenye beseni akatoa simu yake, akaibonyeza, akaiinua juu watu wasikie.

Bi Zeinab aliinamisha kichwa akasikiliza. Aliusikiliza mdundo ukizunguka, akasikiliza ile besi. Bangili zilipoingia, akautazama mkono wake wa kushoto. Kisha akatazama dirisha, duvet zake mbili zilivyotundikwa vizuri, zimebanwa pembeni upepo usipite. Shemsa alimwona akizitazama, na tangu siku hiyo hakuna jambo lililowahi kumuuma zaidi.

"Huyo Mhindi," Bi Zeinab alisema polepole, "ana bangili kama zangu." Wanawake wakacheka, wakidhani ni mzaha. "Nendeni jikoni mkale. Mwari pia. Shemsa, wewe kaa."

Mlango ulipofungwa, Shemsa alishuka kwenye pipa akapiga magoti.

"Ni mie, Bi Zeinab. Nilirekodi. Lakini maneno niliyatoa yote, wallahi, hamna hata moja."

"Maneno!" Bi Zeinab aligonga fimbo chini. "Mwanamme gani asiyeyajua maneno yale? Nusu yake wametunga wao! Maneno wanayo. Kitu walichokuwa hawana ni hichi, na ndicho ulichowapelekea."

Shemsa alikaza macho kwenye mkeka. La kuvunda halina ubani.

"Wanaicheza?" Bi Zeinab aliuliza.

"Wanaicheza."

"Wengi?"

"Ufukwe mzima."

Bi Zeinab aliyasugua magoti yake. "Wanaicheza vizuri?"

"Hapana," Shemsa alisema, na machozi yakamtoka. "Wanarukaruka tu."

Midomo ya kikongwe ikatetemeka, na kwa kitambo kidogo ilikuwa vigumu kujua kama atalia au atacheka. Hakufanya lolote.

"Wanataka jina langu," Shemsa alisema. Aliona bora amalize. "Wanataka niende huko. Leo nijibu."

"Jina la nani hilo? Ngoma ile nilipewa na kungwi wangu Unguja, naye alipewa na wake. Mashine yako, mikono yangu. Utaandika majina ya wangapi, mwanangu?" Akavuta pumzi. "Waachie. Ishakuwa yao. Ngoma iliyosikiwa na wanaume haimfundi mwari tena, na mie siipigi tena maisha yangu."

"Na Iman?"

"Iman yuko jikoni anakungoja. Tunga nyengine."

"Mie?"

"Basi nani? Mie nilipokea tu, sikupata kutunga hata pigo moja. Sina kipaji hicho." Akamtazama sawasawa usoni, na halikuwa jicho la hasira. "Wewe unacho. Nimekisikia sasa hivi kwenye ile simu."

Miaka yote ile Shemsa alitamani mtu amwambie hivyo. Hakutamani aambiwe vile.

Kisha Bi Zeinab akaomba sabuni na maji. Kwa taabu nyingi, mkono ukiwa mwekundu, alizivua bangili zake moja baada ya moja, akazisukuma kwenye mkono wa Shemsa. Zilikataa, zikasukumwa tena, zikapita kwenye kifundo kwa maumivu na kukaa. Shemsa aliujaribu mkono wake. Zilikuwa zimembana barabara.

Wanawake wakaitwa. Iman akaketi mahali pake, midomo inang'aa mafuta ya sambusa, na simu yake ikarudi kwenye beseni kwa amri. Shemsa akalikalia pipa na kwa muda hakupiga. Hakuwa na kompyuta ya kumsaidia, wala kitufe cha kufuta. Akapiga pigo moja, akalisikiliza. Akapiga la pili kinyume chake. La tatu likaja lenyewe, bangili zikalijibu mahali ambapo yeye mwenyewe hakutegemea, na ghafla chumba kikaamka. Bibi mmoja akasimama na goti lake bovu akakata kiuno. Iman hakucheka tena, alikuwa ameduwaa, mabega yake yameanza kwenda bila kumuuliza.

Bi Zeinab alifumba macho, akatikisa kichwa kuitikia.

Kwenye beseni simu ya Shemsa ilianza kutetemeka juu ya simu za wenzake. Alijua ni Kiran. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, na mikono yake ilikuwa na kazi.

Aliyasikia mapigo yake vizuri, kama mtu anayejua kazi yake anavyosikia. Ilikuwa ngoma nzuri kuliko ile ya kwanza, nzuri kwa mbali sana, na duvet zote mbili zilikuwa juu. Alilia huku akipiga, na wanawake, kwa kuona kungwi mpya ameshikwa na furaha, wakazidisha vigelegele.