Nilinenepa kwa Chakula cha Mama

Barua hii imetoka Mafia. Aliyeiandika ni mke wa mtu, nasi tumeahidi kulificha jina lake.

Asalaam aleikum, wasomaji. Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa hapa Chole na mfanyabiashara wa mbata, yaani nazi kavu. Kwao mume hupimwa kwa mwili wa mkewe.

Miezi michache iliyopita niliomba ruhusa nikapumzike mwezi mmoja kwa mama yangu, kijijini Kanga. Mume wangu akakubali, lakini akasema, "Unakwenda kupumzika, si kukonda. Ukinirudia mifupa nje, watu watasema nakunyima chakula."

Nilimkuta mama peke yake. Nzige walikuwa wamemaliza mpunga wa kijiji kizima. Kaka yangu alikuwa Rufiji akikata boriti, na kabla ya kuondoka alimwachia mkewe mchele wa kumpa mama. Huyo wifi yangu nilimwona kwa macho yangu akiuleta, kikapu baada ya kikapu.

Nilimweleza mama maneno ya mume wangu, tukacheka. Laiti nisingemweleza. Tangu hapo kila adhuhuri aliniwekea wali wa nazi na samaki, sahani imejaa. Nikimwambia tule pamoja, hujibu, "Mimi nimekwisha kula jikoni. Kula wewe mwanangu, usije ukaachwa."

Nilikula. Niliona mifupa ya shingo yake imetokeza juu ya kaniki, nikajiambia ni uzee. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akitafuna ming'oko, vile viazi vya porini vya wakati wa njaa. Aliifunika kwa ungo. Nikarudi ndani, sikumwuliza neno. Hilo ndilo linaloniua: nilijua, na adhuhuri nikala tena.

Nilirudi Chole mashavu yamejaa, na kikapu cha mwisho cha mchele wa mama kimekwisha. Mama mkwe akanigeuza huku na huku, akasema, "Sasa huyu ndiye mke wetu."

Wiki tatu baadaye tuliletewa habari kwamba mama amefariki. Waliomwosha walisema hakuwa na kitu mwilini.

Kaka aliporudi, mama alikuwa amekwisha zikwa. Akamwuliza mkewe mbele yetu, "Mchele niliokuachia uko wapi?"

"Nilimpelekea mama wote."

"Mwongo wewe. Mwenye mchele ndani hafi kwa njaa."

Wifi akanigeukia. "Wewe ulikuwako, wifi. Mwambie."

Niliinama nikalia, watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Kaka akampa talaka moja, naye akarudi kwao Ndagoni na mtoto mgongoni.

Nimemwambia mume wangu yote. Hakupandisha sauti. "Ukilitoa hilo, nitaitwa mtu aliyemuua mkwewe kwa majivuno yake. Siku utakayosema, na wewe utarudi kwenu."

Eda ya wifi yangu haijaisha. Kaka bado anaweza kumrejea akiujua ukweli, na siku zinakwenda. Lakini mama alijinyima mpaka kufa ili mimi nisiachwe. Nikisema nikaachwa, atakuwa amekufa bure. Nikinyamaza, mwanamke aliyemlisha mama yangu atabeba jina la mwuaji, na mwanawe atalisikia akikua.

Ndugu zangu, mnaomwogopa Mungu, mngekuwa mimi mngefanya nini?